Kioo Juu ya Msumeno

Mtaani walimwita Kufuli, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Karakana yake ya mashua ilikuwa na mlango mmoja wenye makomeo matatu. Kabati la randa lilikuwa na kufuli, sanduku la misasa lilikuwa na kufuli, na hata birika la chai lilifungwa kwa mnyororo mwembamba kwenye mguu wa meza, tangu siku lilipopotea na kupatikana mahali alipoliweka yeye mwenyewe. Funguo zilimning'inia kiunoni zikilia kila alipopiga hatua.

"Mwizi hapati shida kwako," mkewe alizoea kumtania. "Anakusikia tangu kona ya kwanza."

Lakini kazi aliijua. Alitengeneza mashua ndogo za makasia kwa fito. Ubao mrefu wa mwerezi hupasuliwa kwenye msumeno wa meza, fito moja baada ya nyingine, kila moja unene wa milimita sita. Kisha fito hizo hulazwa juu ya kiunzi ubavu kwa ubavu na kuunganishwa kwa gundi mpaka mashua ipate tumbo. Fito ikipungua hata nusu milimita, pale panabaki bonde, na gundi haijui kusitiri. Kwa miaka kumi na minane fito za Kufuli zilitoka sawa kama kurasa za kitabu kimoja.

Ziliharibika wiki aliyokuja shemeji.

Shemeji alikuwa mdogo wake mkewe. Kiwanda cha milango alichokuwa akifanya kazi kilifungwa, naye akaja na begi moja na randa yake ndogo ya mkono. Mkewe Kufuli alisema, "Mtu wa pili atakupunguzia mgongo," na Kufuli akakubali. Shemeji alikuwa mpole, hasemi mpaka asemeshwe, na alivaa viatu vya turubai visivyotoa sauti. Hilo la viatu lilimkera Kufuli kuliko yote. Mtu anayetembea kama paka anataka kumkamata nani?

Jumatatu alipasua ubao wa kwanza. Fito nane zikatoka, na tano zilikuwa zimebonyea katikati. Aliipima moja, mwanzo mpaka mwisho, kwa kalipa, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili: sita, sita, tano na nusu, tano, sita. Akapima tena, kana kwamba kalipa nayo imehongwa.

Hakukurupuka. Alifungua bamba la msumeno, lile la mviringo lenye meno, akaliosha utomvu kwa mafuta ya taa, akalizungusha kwa mkono kuona kama linayumba. Halikuyumba. Akapima reli ya pembeni, ile ambayo ubao huegemea unapoingia kwenye meno. Umbali wa mbele na wa nyuma ulikuwa mmoja. Akapiga randa ukingo wa ubao mpaka rula ilipoukalia bila mwanga kupenya. Akapasua tena. Tano na nusu. Tano.

Mashine haikuwa na kosa. Basi kosa lilikuwa na miguu.

Toka hapo akazidi kumwangalia shemeji. Kila baada ya muda mfupi kijana yule aliingia stoo, iliyokuwa nyuma kabisa, akatoka na vumbi la mbao magotini. Mara moja alionekana akiingia na kitu kirefu amekibana ubavuni.

"Unatafuta nini huko?"

"Hakuna, shemeji. Napangapanga tu."

Kupangapanga! Kufuli aliligeuza neno hilo kichwani mchana kutwa. Nani aliyemtuma? Yule mtengeneza mashua wa barabara ya pili, ambaye siku hizi anasalimia kwa tabasamu jingi? Au anataka kumwangusha mwenye karakana ili akabidhiwe yeye? Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa akila mezani kwake.

Jumanne asubuhi alichomoa uzi kwenye pindo la shati lake, akaufunga kwenye mkono wa kukazia reli, ili anayeigusa aukate. Mpaka saa sita uzi ulikuwa mzima, na fito bado zilikuwa zinabonyea. Kufuli aliinama akaunusa uzi. Huenda umefunguliwa ukafungwa upya.

Jumatano akaona dawa. Aliposimama kwenye msumeno, mlango wa stoo ulikuwa mgongoni kwake. Akachukua kioo ambacho mkewe, fundi cherehani, aliwapa wateja wajitazame, akakipigilia kwenye nguzo juu ya msumeno. Sasa angeweza kupasua mbao na kumwona shemeji kwa wakati mmoja. Siku hiyo fito zikawa mbaya zaidi: nyingine mabonde mawili, nyingine matatu. Ameniona nimeweka kioo, Kufuli akawaza, sasa anafanya kusudi.

Alhamisi alimtuma shemeji akanunue gundi upande wa pili wa mji. Mlango ulipofungwa, akapasua fito kumi. Zote milimita sita, mwanzo mpaka mwisho. Kufuli alicheka peke yake, kicheko kikavu.

Jioni, mkewe akiwa bado kwenye cherehani, alimwekea fito mbili mapajani, nzuri na mbaya.

"Mdogo wako ataondoka Jumamosi."

Mguu wa mkewe ukasimama kwenye kanyagio. "Amefanya nini?"

"Ananiharibia mbao. Akiwepo zinaharibika, akitoka zinanyooka. Nimebakiwa na mbao mbili kati ya nane."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Kalipa imemwona."

"Baba watoto, yule hana pa kwenda. Na akitoka kwa jina la mharibifu, mama yangu hatakanyaga tena hapa. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Mkewe hakulia wala kubisha. Aliichukua fito mbaya akapitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo, kama anavyokagua mshono wa mwanafunzi wake. Kidole kikashuka bondeni, kikapanda. Akarudia. Kisha akainama kukata uzi kwa meno.

"Kesho nakuja karakana," alisema.

"Kufanya nini?"

"Kufuata kioo changu. Wateja wanajitazama kwenye sufuria."

Ijumaa alikuja kweli, na chaki ya kukatia nguo mkononi. Aliuchukua ubao mmoja kati ya zile mbili, akaupima kwa shibiri na kuchora mstari kila shibiri moja, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mistari kumi na mitano.

"Unaharibu ubao," Kufuli alisema.

"Umeshaharibu tano. Huu niachie mimi." Akamgeukia mdogo wake, aliyesimama mlangoni na wasiwasi wa mtu asiyejua kosa lake. "Wewe fanya kazi zako kama kila siku. Ingia stoo, toka, kunywa maji."

Yeye akasimama pembeni, mbali na meno, akashika kijikaratasi. Msumeno ukanguruma. Kufuli akausukuma ubao, mkono wa kushoto ukiukandamiza kwenye reli. Shemeji akapita nyuma. Ubao ukaenda. Shemeji akaingia stoo, akatoka, akanywa maji. Mwisho fito ikadondoka upande wa pili, na Kufuli akazima mashine.

"Usipime kwanza," mkewe alisema. "Imebonyea kwenye mstari wa nne, wa tisa na wa kumi na tatu."

"Umejuaje?"

"Pima."

Akapima. Wa nne, tano na nusu. Wa tisa, tano. Wa kumi na tatu, tano na nusu tena.

"Kila ulipotupa jicho kwenye kioo, nimeandika mstari uliokuwa kwenye meno. Ukiinua shingo, mkono wa kushoto unalegea, ubao unaachana na reli. Wanafunzi wangu wakichungulia barabarani, mshono unakwenda hivi hivi. Nimekagua wangapi?" Akaiinua ile fito. "Huu ni mshono wa mtu aliyegeuza shingo."

"Jumatatu kioo hakikuwepo."

"Jumatatu ulikuwa unageuka mzima mzima. Bahati yako vidole vimebaki kumi."

Kufuli aliviangalia vidole vyake. Kisha, kwa kuwa moyo uliozoea haugeuki kwa siku moja, akasema kwa sauti ndogo, "Na kule stoo, je? Kuna nini?"

Mkewe akamtazama mdogo wake. Shemeji aliingia ndani na kutoka na mzigo wa fito uliofungwa kwa vitambaa, kisha mzigo wa pili, kisha wa tatu. Zilikuwa fito mbovu za wiki nzima. Kila moja alikuwa ameipiga randa ya mkono mpaka ikafika unene wa milimita tano, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kufuli alipima moja, mbili, tisa. Tano zote. Hazikutosha tumbo la mashua, lakini kwa sitaha ya juu zilitosha na kubaki.

"Ulisema zichomwe," shemeji alisema. "Mbao nzuri kama hizi, nikazionea huruma."

"Si ungesema!"

"Nilidhani ukiniona nimeshika mali yako utanifunga mnyororo kama birika."

Mkewe alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Kufuli alitaka kukasirika, hasira haikuja. Alipanda kwenye kigoda, akang'oa kioo, akakipangusa kwa kiwiko na kumkabidhi mwenyewe. Halafu akapekua funguo kiunoni kwa muda mrefu, akatoa moja, ya stoo.

"Siyo ya karakana," alisema. "Ya stoo tu."

"Sawa, shemeji."

"Na uje mbele hapa, uzipokee fito zinapotoka. Nikuone bila kugeuka."

Shemeji akaja mbele. Kufuli akaukaza ubao wa mwisho kwenye reli na kuwasha mashine. Katikati ya ubao shingo ilitaka kuinuka kuelekea kwenye nguzo, ambapo msumari ulikuwa umebaki peke yake. Akaizuia. Fito ikaingia mikononi mwa shemeji, naye akaipima kabla hajaombwa.

"Sita," alisema.

Kufuli akanyoosha mkono. "Lete nione."