Ufunguo Uliogawiwa Kama Shati

Niliacha shule kidato cha pili, na kwa miaka mingi sikutulia mahali. Nilibeba samaki Kisian, nikachanganya simiti Nyamasaria, nikakaa katika duka la redio mjini Kisumu hadi nikajua kulehemu. Kila nilikokwenda nilitaka kujua kitu kinafanyaje kazi kwa ndani. Hamu hiyo haijawahi kunilisha.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikitengeneza mashine za ofisi moja ndogo ya kupiga chapa, karibu na stendi ya mabasi. Ilikuwa ya mume na mke. Mume alikuwa amenunua kompyuta, lakini aliyeijua ni mke. Kazi yao kubwa ilikuwa vijitabu vya mazishi: picha ya marehemu mbele, wasifu, nyimbo, majina ya wajukuu wote. Huku kwetu mtu hazikwi bila kijitabu, na ukimsahau mjukuu mmoja utasikia.

Programu ya kupanga kurasa hizo ilikuja na kitu walichokiita ufunguo, kidude cha plastiki cha ukubwa wa kiberiti, kinachochomekwa nyuma ya kompyuta. Bila hicho programu haikufunguka. Ndani yake mlikuwa na chipu, na ndani ya chipu nyuzi nyembamba kuliko unywele. Muuzaji wa Nairobi alichoma baadhi kwa umeme na kuacha nyingine, na mpangilio wa zilizokatika na zilizobaki ndio uliokuwa namba ya mteja. Kompyuta inauliza, chipu inajibu. Uzi ukikatika haurudi tena, hata kwa aliyeukata. Niliwahi kupasua chipu mbovu ya aina hiyo kwa patasi nikaitazama kwa lenzi ya fundi wa saa. Niliona mng'aro tu, kama gamba la omena, dagaa wa ziwani.

Kisha mume akaugua, akafa. Kijitabu cha mwisho kutoka kwenye mashine ile kilikuwa chake, na aliyekipanga ni mjane wake.

Baada ya maziko ndugu zake walikaa uani kugawana vitu vya marehemu, kama desturi inavyotaka. Nguo, kiti chake, baiskeli. Halafu kompyuta. Waliigawa kama mbuzi, kila mtu na kiungo chake: kaka mkubwa alichukua kompyuta na kioo chake, wa pili printa. Mjane hakubishana. Alikuwa amepiga hesabu yake kimya kimya. Shule moja ya kanisa ilikuwa na kompyuta inayokaa bure, diski za programu zilikuwa kwenye mkoba wake, na ufunguo ungefanya kazi popote ukichomekwa.

"Chukueni vyote," akasema. "Mniachie hako kadude tu."

Mdogo wao, ambaye alikuwa hajapata kitu ila shati na viatu, akakiinua kile kidude akakitazama.

"Kitu kadogo hivi ndio unaombea?" akasema. "Basi hii ndio kubwa kuliko zote."

Akakitia katika mfuko wa shati la marehemu, ambalo alikuwa ameshalivaa. Wazee wakacheka. Mgao ukaisha.

Baada ya wiki chache mdogo huyo alikuja ofisini na masharti. Angeurudisha ufunguo siku ambayo shemeji yake angekubali kurithiwa naye, awe mke wake.

"Ufunguo iko, shemeji. Si wewe ndio umekataa kufungua?"

"Mimi nimeokoka," mjane akamjibu. "Na hata nisingeokoka, wewe huoshi miguu."

Alipoondoka, mama yule akanigeukia. "Wewe fundi. Nitengenezee ingine."

Nikapiga simu Nairobi kutoka posta. Fundi wa huko alikuwa mpole, na nadhani alifurahi kuulizwa. Akanieleza kwamba wakishachoma namba, wanachoma uzi mmoja wa mwisho, ule unaofunga njia ya kuisoma. Tangu hapo chipu inajibu maswali ya programu yake tu. Hata kama ningeipata mkononi nisingeweza kuinakili. Nilimsikiliza kwa furaha ya mtu anayejifunza jambo zuri, na nikaona aibu kwa furaha hiyo. Waliotengeneza kitu kile walimwogopa mwizi. Shemeji hawakumfikiria.

Wangeweza kuchoma ufunguo mwingine mpya kwa mrithi, fundi yule akasema, mradi alete barua ya chifu. Tukaenda kwa chifu. Akaandika barua nzuri yenye muhuri, na mrithi aliyemtaja ni mdogo wa marehemu.

"Kwani ndani ya huo ufunguo kumeandikwa nani?" mjane aliniuliza njiani.

"Namba, mama. Namba tu."

"Namba haina mke," akasema.

Wateja wa mazishi wakahamia kwingine. Akafunga ofisi. Kompyuta ilikaa kwa kaka mkubwa chini ya kitambaa cha kufuma. Mdogo alitaka ufunguo na mashine viuzwe pamoja, wakagombana juu ya mgao, wakaacha kusalimiana. Mimi nikaondoka mjini, kama kawaida yangu.

Miaka ikapita ndipo nikamkuta mjane yule Maseno, chini ya ngazi ya jengo la maduka, akiwapigia wanafunzi tasnifu kwa taipureta. Alikuwa amekonda. Nikamuuliza kama shemeji yake aliwahi kulegea.

"Aliuleta," akasema. "Mwaka jana. Akauweka hapa mezani. Hata sharti hakuwa nalo tena, watu wote walikuwa na programu mpya."

"Ukauchukua?"

"Alisema amenipa. Nikamwambia hawezi kunipa kitu changu." Akanyoosha karatasi. "Akaurudisha mfukoni. Alikuwa amekuja na mashahidi wawili, unajua. Wangerudi nyumbani waseme nimepokea, nimekubali ulikuwa wake."

Mwanafunzi mmoja alikuwa akisubiri kurasa zake. Herufi moja ya taipureta ilikuwa inakwama, na kila mara mama yule aliirudisha chini kwa kidole. Nikavuta kiti, nikaomba bisibisi.