Jumanne ya Mwisho ya Lonnie Hruska

Begi la kijani la Lonnie Hruska lilikaa kando ya mlango wa jikoni miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kulisogeza. Ndani mlikuwa na jozi mbili za viatu vya uwanjani, moja ya nyasi na moja ya zulia la nyasi bandia, plasta za vidole, suruali na mswaki. Kendra, mkewe, akipiga deki alilizunguka kama mtu anavyomzunguka mbwa mzee aliyelala.

Niliishi miaka minne katika mji ule wa Nebraska, nyumba ya pili kutoka kwao, na kwa muda mrefu nilidhani jirani yangu ni dereva wa malori. Aliondoka asubuhi bila kuaga, akarudi baada ya siku tatu au miezi mitatu. Kumbe alikuwa mchezaji wa kulipwa wa futiboli ya Kimarekani. Kazi yake uwanjani ilikuwa moja tu: kuinama, kuushika mpira kwa mikono miwili na kuurusha nyuma, kati ya miguu yake, hadi kwa mwenzake aliyepiga goti hatua nane nyuma. Huyo huusimamisha, mpigaji akaupiga upite katikati ya nguzo. Mara chache kwa mchezo mmoja, basi. Akifanya vizuri hakuna anayemwona. Akikosea, nchi nzima inalijua jina lake kabla ya chakula cha jioni.

"Mama yangu huomba nisitajwe kwenye televisheni," aliniambia. "Sijui mama mwingine wa mchezaji anayeomba hivyo."

Alipitia timu tisa. Buffalo, Tampa, Cleveland, Tampa tena. Kule Tampa alithubutu kununua kochi. Siku mbili baadaye karani wa timu alimfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo na maneno ambayo kila mchezaji anayajua: "Kocha anataka kukuona. Njoo na tableti yako." Tableti ndiyo yenye mbinu zote za timu, ukiambiwa uje nayo, hutatoka nayo. Tangu siku ile Lonnie hakununua hata kiti nje ya Nebraska, na chumba alipanga kwa wiki moja moja.

Asiye na timu huishi kwa Jumanne. Ndiyo siku ambayo wachezaji hupumzika, na timu huitumia kuwaita watu wa nje kwa majaribio. Msimu ninaousimulia Lonnie alikuwa na miaka thelathini na minne, na simu haikuwa imelia tangu Agosti. Shule ya mji ilimtaka akafundishe mazoezi na kunoa timu yao. Mkuu wa shule alitaka jibu ifikapo Ijumaa. Jumatatu wakala wake akapiga simu. Kuna timu imempoteza mrushaji wake, kavunjika kifundo cha mkono.

"Hii ndiyo ya mwisho, Lon," Kendra alisema.

"Ulisema hivyo wakati wa Cleveland."

"Wakati wa Cleveland nilikuwa nimekasirika. Leo sijakasirika."

Hilo ndilo lililomtisha. Kendra akamfungia kolachi sita, vimkate vitamu vya plamu, kwenye karatasi, akaenda kukunja nguo.

Jumanne alipokewa na mtunza vifaa wa timu ile, mtu mnene aitwaye Purvis, aliyemfahamu tangu zamani.

"Hruska! Sisi tulidhani ulishazikwa."

"Walinichimbia kaburi, likawa fupi."

"Na mgongo?"

"Mgongo nimeuacha nyumbani. Nimekuja na mikono."

Walioitwa walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Brody Quillen, miaka ishirini na minne, shingo nene na adabu nyingi.

"Kaka, nilikuwa nakutazama nikiwa sekondari."

"Usiseme kwa sauti. Kocha anajua kuhesabu."

Mpira ule una kamba zilizoshonwa upande mmoja. Ukimfikia aliyepiga goti, kamba ziangalie nje, kuelekea nguzo. Zikiangalia ndani, mguu wa mpigaji unazigonga na mpira unapinda. Mrushaji mzuri anajua mpira utazunguka mara ngapi katika hatua nane, kwa hiyo anazipanga kamba kabla hajauachia.

Lonnie alirusha mipira kumi. Kamba zote nje. Brody akarusha tano, zote nje. Hapo yule wa kupiga goti, aliyechoka na zulia gumu la nyasi bandia, akaweka taulo chini ya goti lake na kusogea mbele nusu hatua bila mwenyewe kujua. Mpira wa sita wa Brody ukafika kamba zikiangalia ndani. Wa saba vilevile. Kocha akaandika. Wa nane, ndani. Brody aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Lonnie alikuwa pembeni, amefunga mikono kifuani. Alihitaji kukaa kimya kwa mipira miwili tu. Wa tisa, ndani.

"Amesogea mbele," Lonnie akasema. "Geuza kiganja kabla hujaachia. Kidogo tu, kama unafunga chupa."

Brody akageuza. Nje. Kocha akataka mingine mitatu. Nje, nje, nje. Kisha kocha akamtazama Lonnie, si kwa muda mrefu, akaandika tena.

"Una wazimu wewe?" Purvis alimnong'oneza mlangoni. "Mtu kaja kukuzika, unamshikia koleo!"

Walimchukua Brody. Lonnie akashukuriwa kwa kuja.

Tiketi ya ndege ya kurudi hakuitumia. Alikodi gari akaendesha kwa saa tisa, akibadilisha stesheni za redio kila wimbo ulipofika katikati. Alituhadithia Jumatano, akizunguka meza ya jikoni na kolachi ya mwisho mkononi.

"Kwa nini ulimwambia?" Kendra aliuliza.

"Zilikuwa zinaangalia ndani, Kendra. Nne mfululizo! Wewe ungemtazama mtu anamwaga maziwa ukanyamaza?"

"Mara hii kazi yako ilikuwa kunyamaza."

"Najua kazi yangu ilikuwa nini."

Alhamisi alitengeneza geti ambalo halikuwa bovu. Ijumaa alikwenda shuleni, akasaini.

Jumapili tulitazama mchezo kwao. Lonnie hakukaa, alisimama nyuma ya kochi, na kila Brody alipoinama, kiganja cha Lonnie kiligeuka chenyewe. Sekunde nne zimebaki, timu ya Brody iko nyuma kwa pointi mbili, mvua inanyesha. Mpira ukaruka, ukasimamishwa, ukapigwa, ukapita: pointi tatu. Watangazaji walilipigia kelele jina la mpigaji, la kocha, hata la mjomba wa mpigaji. La Brody halikutajwa.

"Nje," Lonnie akasema.

Kendra aliinuka, akaliburuta begi la kijani hadi kwenye mashine ya kufulia. Tukasikia zipu.

"Viatu niviweke wapi?"

Lonnie aliendelea kutazama televisheni, ingawa sasa lilikuwa tangazo la malori.

"Vya nyasi viache mlangoni," alisema. "Kesho saa tisa nina watoto."

Kisha akaenda mwenyewe kuhakikisha kama viko pale.