Mume Wangu, Kaka Yangu na Weusi wa Amerika

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru tulikaa mtaa wa Buyenzi, ng'ambo ya mpaka, watu watatu: mimi, mume wangu, na kaka yangu mdogo, sote tumekimbia vita vya Kongo. Mume wangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kule Kiriri, kaka yangu mwashi. Nyumbani walikula sahani moja, ugali na ndagala, vile vidagaa vya ziwani, wakitaniana kishemeji mpaka nasahau kama tuko ukimbizini.

Radio ndiyo iliyotuharibia. Jioni moja ikasema weusi wa Amerika wameandamana tena, wakafunguliwa mbwa. Mume wangu akasema wanafanya vizuri, wavumilie, siku moja watakaa meza moja na wazungu. Kaka yangu akacheka kwa dharau.

"Meza ya nani, shemeji? We unapikia muzungu kila siku, ulishakaa kwa meza yake? Wajenge yao!"

"We utajenga na nini? Na hasira?"

Jamani! Hiyo Amerika hakuna aliyejua iko upande gani. Lakini kila jioni yalikuwa hayo hayo, mume wangu na kiongozi wao wa uvumilivu, kaka yangu na yule wa maneno makali, na maneno yakatoka Amerika yakaingia Kongo: mmoja anataka watoto wasome, mwingine anataka bunduki. Mimi hakuna aliyeniuliza. Ningewaambia kila mtu ana haki yake, ila kwanza wale ugali wao.

Siku moja kaka yangu akanawa mikono, hakukaa.

"Dada, unipakulie pembeni."

"Apana. Kwetu anayepakuliwa pembeni ni mugonjwa ao mugeni."

"Basi mi mugeni."

Moyo ulinipasuka. Nilimtazama mume wangu, aseme neno moja tu, amtanie, amvute akae. Akaendelea kumega, kichwa chini. Ukaidi gani ule, Mungu wangu! Wiki haikuisha, kaka yangu akavuka mto Rusizi kurudi Kongo, kwa wenye bunduki. Mpaka leo sijasikia habari zake.

Nyumba ikapoa. Nilishona mlangoni siku nzima, na mume wangu alirudi, akala, akalala.

Baadaye radio ikatangaza kwamba yule Mwamerika wa maneno makali ameuawa. Miaka ikapita, ikatangaza na yule wa uvumilivu. Mume wangu akaizima.

"Wote wawili," akasema, akaanza kulia, mwanaume mzima.

Nilimwacha alie. Mimi wa kwangu nilishamlilia peke yangu, na yeye alikuwa amelala pale pale kando yangu.