Siku Niliyoficha Komeo la Bunduki

Siku tuliyomzika baba yangu naikumbuka vizuri, mwanangu, na kama umekuja kunisikia nikijuta, umepotea njia. Sijutii hata kidogo.

Tulikuwa Lugari, kwenye shamba la mahindi. Baba alikuwa na bunduki ndogo yenye kibali, ile ya risasi nyembamba zinazogongwa ukingoni mwa ganda, ya kufukuzia nyani. Macho yake yalipoanza kufifia, kazi ya kuisafisha ikawa yangu. Kaka yangu Lubanga alipenda kuipiga tu. Kuisugua aliona ni kama kuosha vyombo. Baba alinifundisha: kwanza hakikisha haina risasi, kisha chomoa komeo, kile chuma cha nyuma kinachofunga risasi ndani. Tandaza kitambaa cheupe mbele ya mdomo wa mtutu, uchungulie kutoka nyuma mpaka uone mwanga na mifereji inayojipinda. Ufito wa kusafishia nao uingie kwa nyuma, maana mdomo ukikwaruzwa risasi hupotoka. Na asiyeona mwanga asipige. Hilo alilirudia hadi nikalichoka.

Kisha akaugua, miezi mingi, na bunduki ikakaa chumbani mwake bila kuguswa.

Siku ya mazishi ngoma za isukuti zilikuwa zikilia na watu wamejaa hadi shamba la jirani. Baba mdogo, ndugu yake marehemu, akaitoa bunduki nyumbani, akatia risasi, akampa Lubanga apige juu kumuaga mzee. Mwenye kibali amekufa, kesho yake ingepelekwa kituo cha polisi, kwa hiyo alitaka ilie mara ya mwisho. Nikauliza ni nani ameichungulia ndani. Lubanga akaendelea kuinua mtutu. Basi nikamnyang'anya kaka yangu mbele ya umati.

"Rudisha hiyo kitu!" baba mdogo akafoka. "Vitu vya marehemu haviguswangi kabla ya siku ya kunyoa na kugawa mali. Tena wewe ni msichana!"

"Si wewe mwenyewe umeigusa, Baba Mdogo? Wacha niangalie kwanza."

Akanizaba kofi. Mwanangu, sikulia. Nilivuta komeo, risasi ikaruka nyasini, nikalichomoa kabisa na kulitumbukiza kifuani, ndani ya gauni. Bila komeo bunduki ni fimbo tu. Na ni baba mdogo gani angetia mkono kifuani mwa binti wa nduguye mbele ya wazee? Wamama wengine, Mungu awasamehe, walicheka huku wakilia.

Nikampa Lubanga bunduki. "Angalia mwenyewe, kaka. Ukiona mwanga, nakupa komeo."

Akaelekeza mdomo angani, akachungulia kutoka nyuma. Akafuta jicho, akachungulia tena. "Ni giza," akasema.

Tukasukuma ufito. Likatoka bonge la udongo mkavu na buibui waliokufa ndani yake: nyigu walikuwa wamejenga humo na kuwawekea watoto wao chakula. Lubanga alikuwa karibu kulaza shavu lake juu ya chuma kile. Mtutu ungeweza kupasuka, na macho yake tungeyazika siku ile ile.

"Haya, si udongo umetoka? Sasa piga," baba mdogo akasema.

"Sipigi," kaka akajibu. Tukamzika mzee kwa ngoma peke yake.

Baba mdogo hakunishukuru hadi anakufa. Kwenye vikao vya ukoo aliniita msichana aliyeharibu mazishi, nami nilimjibu kila mara kwamba Lubanga anaona. Hata sasa, nikiwa bibi kizee hapa Shieywe, wapo wanaosubiri niombe radhi. Watangoja sana.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni kweli. Mimi nililisikia la mkuu wangu, aliyelala ndani ya jeneza. Lakini ukubwa wa mtu hausafishi mtutu. Mkubwa akikuharakisha utoe kitu ambacho hakijakaguliwa, iwe bunduki, iwe dawa ya mgonjwa, iwe gari la abiria, kataa kwa heshima. Heshima ikishindwa, kataa tu. Kofi hupoa kabla ya jioni. Jicho likishatoboka, basi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona na shingo ngumu pale inapohitajika, na awape maisha marefu wale watakaokuchukia kwa sababu uliwaokoa.