Mama Pasi na Kona Iliyokatwa

Ofisini walimwita shangazi yangu Mama Pasi, na si kwa sababu ya nguo. Alikuwa akichora njia za meli kwa ajili ya askari wa mpaka wa bahari. Kila meli hutangaza ilipo kila baada ya dakika chache, na kila tangazo huwa nukta kwenye skrini. Nukta zikizidi, ramani haisomeki. Basi programu hufuta zile inazoona hazibadilishi sana umbo la njia, kisha huunganisha zilizobaki kwa mistari. Kazi hiyo wao waliiita kupiga pasi.

"Mama Pasi, hii imejaa mikunjo," mkuu wake alimwambia asubuhi moja. "Wakubwa wanafika saa nne. Nyoosha!"

Shangazi akaongeza kiwango cha kunyoosha, akaongeza tena. Nukta mia mbili kumi na nne zikabaki tisa. Ramani ikapendeza.

Siku ya tano akasikia kantini kwamba tagi, ile boti ya kuvuta meli, imekamatwa kwa kuvuka mpaka. Mabaharia kumi na mmoja wamewekwa ndani, na ushahidi ni ramani. Alipoiona, aliitambua mara moja. Ilikuwa yake. Pale mpaka unapopinda, tagi ilizunguka kwa nje, kwa adabu zote. Pasi ndiyo iliyokata kona.

Na nukta halisi hufutwa baada ya siku saba.

"Mkuu, wale watu hawakuvuka. Mimi ndiye niliyewavusha."

"Punguza sauti, dada. Ramani imeshasainiwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Basi tumeungua wote wawili."

"Umebakiza miezi minane ustaafu. Unatafuta nini, kuchongewa sanamu? Kaa kimya, mambo yatapoa."

"Yatapoa kwako. Wenzako wamelala sakafuni mahabusu."

Nyumbani hakugusa chakula. Mimi nikawaka: "Shangazi, twende magazetini!"

"Mwanangu, moto wako ni wa karatasi," alisema. "Mimi naitaka karatasi yenyewe."

Kesho yake aliwahi kazini kuliko wafagiaji. Akachapa nukta zote pamoja na saa zake, kurasa saba, akaandika juu kwa mkono: "Mstari uliowafunga hawa nimeuchora mimi. Wao hawakupita hapo." Akasaini, akazipeleka mwenyewe kwa mwendesha mashtaka.

Mabaharia waliachiwa siku ya kumi na tisa, bila hata kuambiwa pole. Shangazi akahamishiwa stoo. Aliomba jambo moja tu: chini ya kila ramani yaandikwe maneno "njia hii ni makadirio". Akajibiwa kuwa yanachafua ramani. Kumi na mmoja walifungwa kwa kosa la mstari, na bado kinachoogopwa ni uchafu!

Juzi nilimpitia huko stoo. Alikuwa akihesabu taa za mezani. Ghafla sauti ya mkuu ikavuma koridoni: "Wakubwa hao wanakuja! Nyoosha!"

Shangazi akaweka sanduku chini, akaenda hadi mlango wa chumba chake cha zamani. Mrithi wake alikuwa ameinamia skrini.

"Mwenzangu, umebakiza nukta ngapi?"

"Saba," yule akajibu, akitabasamu. "Safi, eeh?"