Kaa wa baba niliyemtia asali

Wakuu, heshima mbele. Wengi humu ni wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea. Ninayoandika sijayatia chumvi hata chembe. Mwenye haraka apite.

Ni enzi za Mwingereza. Mimi ndiye binti mkubwa nyumbani kwetu Itetemia, huku Tabora.

Baba alikuwa pwani, akimfanyia kazi Mzungu mmoja aliyekusanya wadudu wa baharini. Siku moja maji yamekupwa, baba akageuza jiwe, akaokota kaa mdogo kama punje ya mahindi.

Mzungu akapekua vitabu vyake vyote, hakumwona. Akamwambia baba, "Akithibitika ni mpya, nitaandika kwamba wewe ndiye uliyemgundua."

Kabla hajampeleka kwa mtaalamu, akaitwa kwao ghafla, kuna msiba. Akamwachia baba kaa ndani ya chupa ya spiriti. Akirudi angemfuata Tabora.

Basi, baba akarudi na treni na chupa yake mkononi. Watu wa mtaa wa Mtendeni walimcheka mpaka basi. "Mnyamwezi gani anafuga mdudu aliyekufa?" Yeye anawajibu, subirini tu.

Barua ikaja kwamba Mzungu yuko njiani. Baba akaenda porini Ipole kurina asali, akaniachia kazi moja tu: chupa isikauke.

Kizibo kilikuwa kimelegea, wala sikujua. Siku ya tatu nakuta spiriti imeisha karibu yote, kaa yuko nje nje. Nikahaha! Spiriti mimi ningeitoa wapi?

Sasa, kwetu nyama ikitakiwa ikae muda mrefu, inazamishwa kwenye asali. Bibi alifanya hivyo miaka yote. Nikajaza chupa asali. Tena nikajisifu, jamani.

Baba alirudi siku ile ile aliyofika Mzungu. Asali ilikuwa imechacha. Mzungu alipomsuuza yule kaa, miguu ikabaki kwenye maji, mmoja mmoja. Magando nayo yakang'oka yakasagika.

Akamtazama kwa lenzi, muda mrefu. Akasema, "Aina yake inajulikana kwa magando na vinyweleo vya miguu. Sasa naweza kusema ni kaa, basi."

Baba akauliza, "Nani ametia asali?"

"Mimi, baba."

Kisha akasema, "Ulitaka asioze, mwanangu."

Afadhali angenichapa. Hadi leo nikikumbuka naumia.

Bahari hakuitaja tena. Mtendeni wakamwita Bwana Kaa mpaka tunamzika.

Funzo langu ni hili: ukiachiwa kitu usichokijua, uliza kwanza. Usikitunze kwa ujuzi wa kitu kingine.

Na nyie mnaojua viumbe vya maji mafupi ya ufukweni, naomba msipite kimya. Mgongo wa kijani iliyofifia, madoa mawili meupe, gando la kushoto kubwa kuliko la kulia. Namkumbuka vizuri, nilimtazama kila siku. Mjukuu wangu amenionyesha picha kwenye simu mpaka amechoka, simwoni.

Anayemjua aandike jina lake hapo chini. Kaburi la baba liko nyuma ya nyumba, nitakwenda kumsomea.