Masihi Anayengojewa, na Shemeji Yangu wa Ibra

Sikuwa na hamu ya kusafiri. Nimestaafu kusomesha, magoti yananisumbua, na Omani wakati wa joto si mahali pa mtu wa umri wangu. Lakini mdogo wangu Zuwena, aliyeolewa huko, mji wa Ibra, tangu ujana wake, alikuwa akinipigia simu Unguja kila siku akilia, na siku moja akapiga bila ya kulia. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

"Dada, Said hataki kumwoza Asya," aliniambia. "Anasema dunia imekwisha, harusi ya nini. Kutwa habari za Wayahudi na Masihi wao. Wewe ulikuwa ukisomesha dini za watu. Njoo uzungumze naye, sisi tumeshindwa."

Said, mumewe, si mtu wa upuuzi. Alizaliwa Unguja, akavushwa Omani akiwa mtoto, akafanya kazi ya kupima barabara serikalini mpaka alipostaafu. Asya ni binti yao, na posa yake ilikuwa imekwisha kukubaliwa na watu wa Sur, mji wa pwani. Bila ya baba kuwa walii, msimamizi wa kumwoza, ndoa ingekwama. Nikafunga mzigo.

Maskati, uwanja wa ndege. Asya alikuja kunipokea mwenyewe. "Shikamoo, mama mkubwa," alisema, akanibusu mkono, kisha akabeba mkoba wangu kabla sijamjibu marahaba. Kiswahili chake ni cha mtoto aliyekisikia jikoni tu. Akikwama huruka kwenye Kiarabu kisha hurudi. Njia nzima ya kwenda Ibra tulipita kati ya milima mikavu ya rangi ya kahawia, mmoja baada ya mwengine, mpaka macho yakachoka kutazama.

Ibra, alasiri. Zuwena alikuwa amekonda. Alinimiminia kahawa, akaweka halua mbele yangu, na hapo ndipo aliponiambia kwamba Said hayupo. Alikuwa amekwenda Sur kuwaambia wakwe waache matayarisho, na kutoka huko angeelekea Al Hamra, kwenye shamba la mitende aliloachiwa na marehemu baba yake. Simu yake haipatikani.

"Ilianza lini?" niliuliza.

"Baada ya Mundhir."

Mundhir alikuwa mtoto wao wa kwanza. Gari lilimpindukia mwaka uliopita katika njia ya Sur, akafa palepale. Zuwena alisema Said hakulia, wala msibani hakulia. Alianza kukaa na simu, akisikiliza watu wasemao kwamba alama zote zimetimia, kwamba yule wanayemngojea Wayahudi yu karibu kutokea, naye ndiye Dajali, na baada yake ni Kiyama. Siku waliyoitaja ikipita, hutaja nyengine, naye huhama nayo.

"Kila siku ananiuliza watamjuaje," alisema Zuwena. "Mimi najua wapi, dada? Mimi napika."

Asubuhi ya pili, njia ya Sur. Zuwena hawezi kukaa garini safari ndefu kwa sababu ya mgongo, kwa hiyo nilikwenda na Asya. Tulipita njia panda ya Wadi Bani Khalid, ambako watalii huacha barabara kwenda kuoga kwenye vidimbwi, na mbele kidogo Asya akapunguza mwendo bila ya sababu niliyoiona. Mahali penyewe hapakuwa na kitu. Mchanga, kichaka cha miiba, ukuta mfupi wa chuma kando ya njia. Midomo yake ilikuwa ikisoma Fatiha. Nami nikasoma. Tulipomaliza aliongeza mwendo, mpaka tulipoiona bahari.

Sur. Haikuwa adabu bibi harusi kuingia kwa wakwe kabla ya ndoa, kwa hiyo Asya alibaki kwa rafiki yake, nami nikapelekwa kwa Bwana Nasor, baba wa mchumba. Wazee wake walikuwa watu wa vyombo vya baharini. Yeye anauza injini za boti. Kiswahili chake ni kile cha zamani cha mjini Unguja, kizuri kuliko changu.

"Hatukukasirika, bibi," alisema. "Alikuja, akala samaki na sisi, akatwambia tusiweke akiba ya harusi, tuweke akiba ya chakula. Kisha akaniuliza kama najua Wayahudi watamtambua vipi Masihi wao. Nikamwambia, mimi niulize propela."

Mkewe alicheka kidogo. Bwana Nasor hakucheka.

"Mwambie tunamngoja. Lakini mwanangu anahamishwa kikazi, na lazima aende na mkewe au aende peke yake. Kadhi anaweza kuwa walii, hilo tunalijua. Ila mimi sitaki yule msichana aingie nyumbani kwangu kwa mlango wa mahakama."

Kutoka Sur tulishika njia ya Nizwa, kumfuata Said Al Hamra; ilikuwa ndefu, jua likipiga upande wangu. Tulifika jioni nyumbani kwa shangazi yake Asya, tukala wali bila ya kuusikia utamu wake, tukalala. Asubuhi nilipoamka, mwili wote uliniuma, nikajiuliza kwa kweli nimefuata nini. Nitamwambia nini mtu aliyefiwa na mwanawe? Kwamba nimesoma?

Al Hamra, kabla ya adhuhuri. Tulipita Tanuf, magofu yake upande mmoja na malori ya maji ya chupa upande wa pili, kisha tukapanda. Mji wa zamani wa Al Hamra ni nyumba za udongo zilizobebana ubavuni mwa mlima, nyingi hazina watu. Chini yake kuna mashamba ya mitende na mfereji wa maji. Tulimkuta Said kwenye chumba cha chini cha nyumba ya baba yake, kati ya magunia ya mchele, tende na makatoni ya maji. Alikuwa amezeeka kwa namna ambayo simu haikunionyesha.

"Shemeji," alisema, "wamekutuma."

"Wamenituma."

Alimtazama Asya mlangoni, akamwambia kwa upole akakae kivulini kando ya mfereji. Kisha akaniuliza lile swali, kama mtu aliyelibeba siku nyingi. "Wewe ulisomesha. Wao wenyewe, Wayahudi, wanasemaje? Watamjuaje?"

Nilikaa juu ya gunia. Nilimwambia ninavyojua: kwamba wao hawana kauli moja, na wako leo wasemao watangojea zama za amani, si mtu. Lakini wengi wa wanavyuoni wao wa zamani walisema atakuwa binadamu, mzao wa Daudi, mwenye kushika sheria. Na kwamba mkubwa wao mmoja aliandika kuwa si lazima afanye miujiza. Atajulikana kwa kazi yake: awakusanye waliotawanyika, ajenge tena hekalu Baitul Maqdis, yaani Yerusalemu, vita vikome, watu wamjue Mungu. Akiyatimiza, ndiye. Akifa kabla, basi alikuwa mtu mwema tu, na wao wanaendelea kungoja.

"Hakuna alama ya mbinguni?"

"Wako waliozitafuta. Hapa Yemen, jirani yenu, aliwahi kutokea mmoja zamani, akadai ni mjumbe wa Masihi. Mfalme akamtaka ishara. Akasema, nikateni kichwa, nitafufuka. Wakamkata."

"Ikawaje?"

"Haikuwa kitu, Said. Na bado wako waliokaa wakimngojea arudi."

Nikaendelea, kwa kuwa nilishafika huko, kwamba wanavyuoni wao waliwakemea vikali wanaopiga hesabu ya siku ya mwisho, kwa sababu siku ikipita bila ya kitu, watu huvunjika moyo na kuacha hata kungoja.

"Mimi zimenipita nyingi," alisema.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, akitazama mikono yake: "Akija huyo wao, wafu watafufuka?"

Hapo nilielewa. Hakuwa akimkimbia Dajali. Alikuwa akimhimiza, apite upesi, Kiyama kisimame, apate kumwona Mundhir.

"Wengi wao wanaamini hivyo, kwamba wafu watafufuka," nilisema. "Na sisi tunaamini watafufuka. Lakini hakuna anayeiharakisha siku hiyo kwa kukaa kwenye magunia."

Said alilia, shemeji yangu, kwa sauti. Asya alisikia akaja, akapiga magoti mbele yake, akamshika miguu. "Baba," alisema, "mimi pia nataka Mundhir. Kila siku mimi nataka."

Said alipotulia aliniuliza, "Na kama mambo yenyewe yatatokea kesho?"

"Yatakukuta umemwoza mwanao."

Hakuahidi kitu. Aliondoka akaenda kuswali, na aliporudi aliniomba nimsaidie kufunga madirisha.

Ibra tena. Ndoa ilifungwa baada ya Idi, kwenye chumba cha wageni, sisi wanawake tukisikiliza nyuma ya mlango. Sauti ya Said ilikwama kwenye jina la binti yake, kadhi akangoja, kisha ikatoka. Zuwena alinibana mkono mpaka ukaniuma. Magunia bado yako Al Hamra, na simu bado anaisikiliza, ingawa Zuwena anasema sasa huizima wakati wa kula.

Nimerudi Unguja nimechoka kuliko nilivyoondoka. Miaka yote niliwasomesha watoto wa watu kungojewa kwa Masihi kama habari ya vitabuni: nani anamngojea nani, na kwa alama zipi. Sikuwahi kuwaambia kwamba anayengoja sana, mara nyingi kuna mtu aliyempoteza, na kwamba kabla ya kumjibu swali lake ni vizuri kumuuliza jina la mtu huyo.